Niliomba Aombewe, Akaacha Kliniki

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye nimekuzidi basi marahaba, naomba msaada wako maana nimefanya jambo na sasa halirudi lilikotoka. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, usicheke mwandiko, shule niliishia darasa la nne nikatolewa nikalee wadogo zangu, na barua zangu siku zote ananiandikia binti yangu Anande, ila hii siwezi kumpa mtu anishikie kalamu, utaelewa ukifika mbele.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, nakaa Moshono, nina genge la ndizi na mboga karibu na kanisa, na mume wangu anaitwa Elinami, ni fundi wa kuchomelea mageti huko Sokon One tangu kile kiwanda alichokuwa anafanyia kazi kilipouzwa wakapunguzwa. Halafu nikwambie ukweli mapema, mtaani wananiita Redio, na mimi sikasiriki, mtu akitaka kujua nani kaposwa, nani kahama, ng'ombe wa nani kazaa pacha, anakuja gengeni ananunua fungu la mchicha na habari anaondoka nayo bure, na mchicha wangu unaisha mapema kuliko wa wenzangu.

Sasa Baba Anande alikuwa anavuta bangi. Usimfikirie kijana wa kijiweni, ni mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, anaimba besi kwaya ya usharika. Alianza zamani akiwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa, anavuta msokoto mmoja jioni nyuma ya banda la ng'ombe na hakuna anayejua, kiwanda kilipouzwa ikawa asubuhi mchana na jioni kama dawa ya hospitali. Mimi nilijua, nikazoea, nikasema afadhali hapigi mtu wala halali mtaroni kama wa pombe.

Basi mwaka jana wakaja watu kumposa Anande, wazee watano kutoka Machame wamevaa makoti, tumepika, tumetandika vitambaa, na baba wa kijana akasimama akaanza kueleza jinsi mama wa huyo kijana alivyofariki bila kuiona siku hii, na mume wangu akacheka. Alicheka, mshauri, mpaka akashika tumbo, na hakuna aliyesema kitu cha kuchekesha. Wale wazee ni waungwana, walivumilia, posa ikapita, lakini Anande hakumwamkia baba yake mwezi mzima, anapita mbele yake kama anapita mbele ya kabati, na mwanamume yule nilimwona anaingia asubuhi jikoni anasimama tu, anasubiri shikamoo, haiji, anatoka.

Ndipo akaenda hospitali mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Hakulazwa, anaenda kila Jumatano saa nne, anakaa na nesi wanaongea, anarudi kazini kwake. Ni ile sehemu ya wagonjwa wa akili, kwa hiyo alikuwa anapita upande wa kliniki ya watoto kama mtu anayemtafuta mkewe, halafu anakata kona. Wiki ya tatu nesi akasema aje na mtu wa nyumbani, nikaenda mimi na kitenge changu kipya. Nesi mwenyewe anaitwa Agnela, mdogo tu, angeweza kuwa mwanangu. Nikamuuliza sindano iko wapi, akasema mama hii haina sindano, akanieleza kwamba wiki za kwanza hatalala vizuri, atatoka jasho, chakula hatakitaka na atagombana hata na mlango, lakini itapita, na ile hamu ya kuvuta nayo huja ikapanda ikashuka, haikai siku nzima, kinachotakiwa ni mikono iwe na kazi mpaka ishuke. Wakakubaliana kwamba hamu ikimjia saa kumi na moja jioni ashike panga akakate majani ya ng'ombe. Mwisho akanigeukia mimi akasema, "Mama, yanayosemwa hapa yanabaki hapa." Nikaitikia kwa kichwa. Tukiwa njiani mume wangu akaniuliza kama nitaweza, nikamwambia Baba Anande wewe nawe, kwani mimi ni mtoto?

Na niliweza, mshauri, naomba uliandike hilo. Jumatano tisa. Sijawahi kukaa na kitu tumboni namna ile isipokuwa mimba. Kila jioni alikata majani mpaka ya jirani, ng'ombe wetu akanenepa, maziwa yakaongezeka, watu wakawa wananiuliza gengeni unampa nini huyo ng'ombe, na mimi nikawa natafuna tu muwa ili mdomo uwe na kazi. Anande akaanza tena kumwamkia baba yake. Siku ya kwanza alipomwambia shikamoo yule baba kabla ya kuitikia aliinama akajifanya anafunga kamba za kiatu, na kiatu kile hakina kamba.

Sasa kosa langu ni hili. Sisi Walutheri jumuiya yetu tunakutana Jumamosi asubuhi kabla ya kazi, na kabla ya kufunga mzee wa kanisa Mzee Ephraimu huwa anauliza nani ana hitaji la maombi. Mimi kila wiki hitaji langu ni ng'ombe hajashika mimba. Siku hiyo Mama Princess akasema mwanawe anasafiri kwenda kusoma Ulaya, watu wote wakasema oooh, mwingine ana kesi ya shamba mahakamani, mwingine mkwe wake amepasuliwa, na ikafika zamu yangu na ng'ombe alishashika mimba. Nikasema tu naomba mumwombee mume wangu. Ningeishia hapo. Mama Princess akauliza kwa upole kabisa, "Anaumwa nini, dada?" Ningesema malaria, nani angebisha? Lakini wote walikuwa wamenigeukia na uso wa huruma, hata wale ambao huwa wananikatiza, na mimi nikafungua. Nilisema yote, bangi, kicheko, wazee wa Machame, kliniki, Jumatano, panga. Ilichukua kama dakika ishirini. Watu walilia, mshauri. Hakuna siku nimesikilizwa namna ile tangu nizaliwe, na nilitoka pale mwepesi kama nimetua ndoo.

Jioni yake wakaanza kuja. Si unajua watu wetu, wakisikia mgonjwa hawaji mikono mitupu. Mmoja kaleta loshoro ya mahindi na maziwa mgando, mwingine ndizi, Mama Princess kaleta mtori kwenye chupa ya chai kama anakuja kumwona mzazi. Wakampanga mume wangu kwenye kochi katikati, Mzee Ephraimu akamwekea mkono kichwani akasema, "Mwanangu, tumesikia, usione aibu," na kila mtu mwingine akitaka kufungua mdomo mimi nilikuwa nakohoa ili asije akanitaja. Baba Anande aliangalia chini muda wote. Walipoondoka alikaa pale pale na ile chupa ya mtori, halafu akasema, "Agnela amenitangaza."

Mimi nilikuwa nakusanya vikombe. Akaendelea, na haya ndiyo maneno yake mwenyewe sijaongeza kitu, "Tulikuwa watatu tu. Na wewe nilikuwa nakusifu kule kwao. Nilimwambia, mke wangu wanamwita Redio, lakini hili amelibeba."

Mshauri, hapo ndipo ningesema. Badala yake nikasema, "Watu wana midomo."

Tangu siku hiyo hajarudi kliniki, ni Jumatano ya nne sasa. Yule nesi akaja nyumbani kwa miguu siku yake ya mapumziko, mume wangu akajifungia kwenye banda la ng'ombe, nikatoka mimi getini. Akaniuliza kuna jambo limetokea? Nikamwambia hapana, ana kazi nyingi, mageti yamekuwa mengi. Na mume wangu kule bandani akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwambie aende akatangaze na hili." Nesi alinitazama, sijui aliona nini usoni kwangu, akasema basi mama, nafasi yake ipo, akaondoka. Huko Sokon One nako Baba Anande amewaambia mafundi wenzake kwamba pale hospitali siri hakuna, na kuna mmoja anaitwa Lekishon, ana watoto wadogo watatu, naye anavuta, alikuwa ameshapanga kivyake kuanza kwenda, sasa amesema haendi ng'o. Na juzi nimefua koti la mume wangu nimesikia ile harufu. Majani ya ng'ombe nakata mimi.

Sasa ombi langu. Mume wangu gazeti lako analipenda, mimi nalinunua asubuhi nikitoka jumuiya, yeye anarudi kutoka kazini saa nane, anakula, anavaa miwani, ananisomea ukurasa wako kwa sauti kwa sababu mimi nasoma polepole, na tunacheka pamoja. Naomba uandike tu kwa ujumla, usinitaje, kwamba manesi wa kliniki za namna ile wameapa na hawatoi siri za watu, yeye akisoma kwako ataamini atarudi, na mimi sitakuwa nimevunja nyumba ya miaka ishirini na sita. Au wewe unaonaje, nimwambie? Nikimwambia ataniamini tena lini? Nijibu kwa gazeti au kwa posta, anwani nimeandika nyuma ya bahasha. Ni mimi Mama Anande, yule wa genge, ukipita Moshono uliza Redio utaletwa.

*

Mama Anande,

Nimesoma kurasa zako zote saba na nimecheka mara tatu, halafu nikafika kwenye "watu wana midomo" nikaiweka barua chini.

Nianze na anwani yako. Umenipa sanduku la posta la usharika. Nani anafungua barua pale, si wazee wa kanisa? Ningekujibu kwa posta, Mzee Ephraimu angekusomea. Na ndani ya barua umeniandikia jina lako, la mumeo, la nesi, mtaa, genge, mpaka rangi ya ng'ombe ambayo sikuihitaji. Yote nimebadilisha au nimeondoa. Hayo majina yaliyochapwa hapo juu si yenu, na mtaa si wenu. Lakini tazama ulivyofanya: umekuja kuomba dawa ya kutangaza, na umeiomba kwa kutangaza.

Nakupa haki yako kwanza. Jumatano tisa za kunyamaza si kitu kidogo kwa mtu kama wewe, na sidhani kama ulienda jumuiya kumwangusha mumeo. Uliona kila mtu ana zigo la kutua na wewe ukataka utuliwe lako. Hiyo naielewa. Mke wa mgonjwa naye anachoka, naye anahitaji wa kumwambia. Ila wa kumwambia ulikuwa naye, ni yule yule nesi, alikuita ndani ukakaa kwenye kiti chake. Na Mungu unayemwomba hakuhitaji jina la ugonjwa. Ungesema "mume wangu" ukafumba macho, angejua.

Lakini si hilo linalomrudisha mumeo kwenye moshi. Jumuiya ilimwaibisha, na aibu angeimeza, maana alishameza kubwa kuliko hiyo siku ya wazee wa posa. Kinachomrudisha ni kwamba anaamini mlango ule mmoja aliougonga mwenyewe, kwa miguu yake, ulimsaliti. Na wewe unajua haukumsaliti. Kila siku unayonyamaza unamfungia mlango huo kwa nje na ufunguo uko kwenye kitenge chako. Siku zote unasema pasipotakiwa, na hapa panapotakiwa ndipo umepata kunyamaza?

Ombi lako la kuandika "kwa ujumla" silifanyi. Manesi waaminifu wapo, na huyu wako ni mmoja wao, ila sitamtumia kama shuka la kukufunika wewe. Binti wa watu ametembea mpaka getini kwako siku yake ya kupumzika, ametukanwa kutoka bandani mbele yako, na ukamwambia habari za mageti. Lekishon ana watoto watatu na hajaanza hata Jumatano moja. Huyo naye yuko kwenye hesabu yako.

Sasa sikiliza, na usiongeze la kwako.

Mwambie mumeo. Sentensi moja tu: "Agnela hakusema, niliyesema ni mimi, kule jumuiya." Halafu nyamaza. Usieleze habari za Mama Princess na mtoto wa Ulaya, usilie kabla yake, usimlete Mungu mbele kama ngao. Akikasirika, ana haki. Akitoka nje, mwache atoke, usimfuate mpaka kwa jirani. Akinyamaza siku tatu, nyamaza naye, utaona ni muda mrefu kiasi gani, na ndivyo alivyokuwa anasubiri shikamoo ya mwanawe. Unaniuliza atakuamini tena lini. Sijui. Najua tu kwamba ukisubiri aambiwe na mtu wa jumuiya, na ataambiwa, maana huwezi kukohoa maisha yako yote, hapo hutakuwa na la kuuliza.

Jumatano nenda kwa nesi, hata kama mumeo hajasema atarudi. Kaa kwenye benchi na wengine, ngoja zamu yako, umwombe radhi ana kwa ana. Muulize kama mumeo anaweza kupangiwa saa nyingine au mtu mwingine, kama yeye mwenyewe atataka. Hilo la koti lisikutishe kupita kiasi. Mtu aliyeacha wiki tisa akateleza hajarudi mwanzo, na nesi atakuambia hivyo hivyo. Kosa ni kumfanya aone hana pa kurudi. Na usiwe unamnusa makoti kama askari, hiyo kazi hukupewa.

Kwa Lekishon aende mumeo mwenyewe akipoa. Yeye ndiye aliyesema kule, yeye ndiye atakayefuta.

Jumuiya je? Najua umeshaanza kupanga utakavyosimama uungame, wanawake walie tena. Usithubutu bila ruhusa ya Baba Anande. Habari ile ni yake, na toba yako nayo ikisemwa pale itakuwa habari nyingine ya dakika ishirini. Hata Mzee Ephraimu akiuliza hitaji, sema ng'ombe anaendelea vizuri, ukae.

Utasikia ulimi unawasha. Wiki hii hasa, maana wateja wako ambao hawakuwa jumuiya watasoma ukurasa huu na watakuja gengeni kuuliza ni mama gani huyo, na wewe jibu utakuwa nalo mdomoni. Haitakuua. Itapanda, itashuka. Nesi alishakuonyesha dawa yake na panga liko nyumbani, ng'ombe hatakataa.

Jambo la mwisho, na hili ndilo la haraka. Majina nimebadilisha na wasiokuwa jumuiya siku ile hawatakujua. Mumeo atajijua mstari wa nne. Barua hii nimeikalisha wiki mbili mezani nikitafuta njia ya kukufikia wewe kwanza, na njia iliyobaki ni moja tu, gazeti, ambalo wewe ndiye unayelinunua asubuhi. Kwa hiyo soma mwenyewe, polepole, hata kwa kuweka kidole, umalize. Leo ni Jumamosi. Anarudi saa nane. Mpe chakula, mwache ashibe, na mwambie kabla hajavaa miwani.